Hatunywi Mvinyo: Je, Tuna Sababu ya Kwenda Likizo Alsace?

Swali: Sisi ni wenyeji wa Dodoma, na mume wangu ana ekari tatu za zabibu Hombolo. Binti yetu anamaliza masomo yake Freiburg, Ujerumani, mwishoni mwa Agosti, nasi tumejaliwa akiba ya kwenda kumpongeza. Anatushauri kwamba baada ya hapo tuvuke mpaka tukapumzike siku kumi Alsace, eneo la mvinyo la Ufaransa. Sisi ni Wasabato: hatugusi pombe wala nyama ya nguruwe, na zabibu tunaziona kila siku. Kuna sababu gani ya kwenda huko badala ya Paris? Na je, mume wangu ataruhusiwa kurudi na vipando vya mizabibu?

Jibu: Mama, nakusalimu kwa heshima, wewe na mzee. Binti yenu amewashauri vizuri, na mimi ambaye kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwatembeza wageni katika vijiji hivyo ningewapa ushauri huo huo. Wageni wengi huja Alsace kwa ajili ya kuonja, wakahama kutoka ghala moja hadi jingine, na mashamba yenyewe wakayaona kupitia dirisha la gari. Mtu aliyepogoa mzabibu kwa mkono wake mwenyewe, anayejua mvua ikichelewa kichala kinakuwaje, huyaona yale yanayowapita wengine. Mvinyo ni sehemu moja tu ya kilichopo. Zao hili ndilo lililojenga nyumba, likazungusha kuta za mawe kuvizunguka vijiji, likalipia makanisa na hata likaingia katika tiba ya wagonjwa, na hayo yote yanatazamwa bila mtu kunywa tone.

Nianze na mvua, kwa sababu ndiyo itakayomshangaza mzee kabla ya kitu kingine chochote. Alsace ya mizabibu ni ukanda mwembamba, wenye upana wa kilomita chache tu, uliolala kati ya milima ya Vosges upande wa magharibi na mto Rhine upande wa mashariki. Pepo zenye unyevu hutoka bahari ya Atlantiki, zikapanda milima hiyo, ambayo kilele chake kirefu zaidi kina mita 1,424, zikamwaga maji yake huko juu, kisha zikashuka upande wa pili zikiwa kavu. Hivyo basi, wakati sehemu za juu za Vosges hupata hata milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mji wa Colmar ulio chini yake hupata milimita 600 hivi, kiasi ambacho hakitofautiani sana na mnachopata ninyi Dodoma. Tofauti ni kwamba ninyi mvua yenu hunyesha msimu mmoja kisha mbingu zikafunga kwa miezi mingi, ilhali ya Colmar hugawanyika mwaka mzima. Na kwa kuwa baridi ya huko huulaza mzabibu usingizi kuanzia Novemba hadi machipuko ya Aprili, wakulima huvuna mara moja tu, wakati Dodoma mnavuna mara mbili. Nimewahi kumweleza mkulima wa Alsace jambo hili la mavuno mawili, naye akaniuliza mara tatu kama nimesema kweli.

Kisha kuna udongo. Vosges, na ule Msitu Mweusi ambao Freiburg imekaa miguuni pake, ni mabega mawili ya bonde la ufa, sawa na bonde la ufa tunalolijua sisi: ardhi ya katikati ilididimia zamani za kale, na kingo zake zikavunjika vipande vipande kama ngazi. Mizabibu imepandwa juu ya ngazi hizo, na ndiyo sababu mtu akitembea dakika ishirini hukanyaga kwanza mchanga wa mawe ya granaiti, kisha udongo wa chokaa, kisha mfinyanzi mzito unaoganda kwenye kiatu. Huko kusini kabisa, katika mteremko wa Rangen juu ya mji wa Thann, mawe yake ni ya volkano, na mteremko wenyewe ni mkali kiasi kwamba mtu huufanyia kazi kwa shida akiwa amesimama wima. Sheria ya Ufaransa imeyatenga mashamba 51 ya Alsace kuwa ya daraja la juu kabisa, yaani *grand cru*, na kila moja lina mipaka yake na jina lake la zamani. Jambo jingine litakalomrahisishia mzee ni kwamba chupa za Alsace, tofauti na za sehemu nyingi za Ufaransa, huandikwa jina la aina ya zabibu: Riesling, Sylvaner, Pinot gris, Gewurztraminer. Yeye anayetofautisha Makutupora na zabibu nyingine kwa kuliangalia jani tu atasoma shamba na chupa kwa pamoja.

Mtafika wakati wa mavuno, na hapo ndipo ninapowaonea wivu. Uvunaji huanza mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba, kutegemea jua la mwaka huo, na huendelea hadi Oktoba. Asubuhi ukungu huwa umelala bondeni, majani yana umande, na wavunaji huingia kwenye mistari wawili wawili, mmoja kila upande wa waya, wakikata vichala kwa mkasi mdogo na kuvidondosha kwenye ndoo. Mbebaji hupita nyuma yao na chombo kirefu mgongoni kama tenga, huinama bega moja mbele ya trela, na zabibu humwagika kupitia juu ya bega lake. Kufikia saa nne ukungu umeinuka na nyigu wameamka. Jioni, rudini kijijini mkatembee taratibu. Milango mikubwa ya nyua iko wazi, kamulio inazunguka ndani, kijana anaosha sakafu kwa mpira wa maji, na maji yenye utamu wa zabibu yanatiririka kwenye mfereji wa mawe katikati ya barabara. Kijiji kizima kinanuka juisi mbichi. Wakulima wengine huichemsha kidogo juisi hiyo kabla haijachachuka na kuifunga kwenye chupa kwa ajili ya watoto na wasiokunywa. Ombeni *jus de raisin*, nanyi hamtaonekana wa ajabu. Angalizo moja tu: katika majuma hayo baadhi ya vijiji hufunga njia za kupita mashambani ili kulinda mavuno, kwa hiyo mkikuta kibao cha katazo, kiheshimuni, mfuate njia ya pembeni.

Kuhusu vijiji vyenyewe, barabara ya mizabibu ilifunguliwa rasmi mwaka 1953, ina urefu wa kilomita 170 hivi kutoka Marlenheim hadi Thann, na hakuna haja yoyote ya kuimaliza. Sehemu tajiri ni ile kipande cha katikati, kati ya Bergheim na Eguisheim. Katika karne ya 16 mvinyo wa hapa ulishuka kwa mashua katika mto Ill na Rhine hadi Uholanzi na nchi za kaskazini, na fedha iliyorudi ndiyo iliyojenga nyumba mnazoziona kwenye picha, zenye mihimili ya mbao iliyosukwa kwa pembe na kujazwa udongo katikati. Mkiwa Riquewihr, msitazame madirisha yenye maua pekee. Tazameni upana wa milango ya chini, uliopimwa ili mkokoteni wa mapipa upite, na mtazame juu ya tao la mlango: mara nyingi mtakuta mwaka umechongwa kwenye jiwe pamoja na alama ya kazi ya mwenye nyumba. Kisu kilichopinda ni cha mpogoaji, nyundo na pipa ni vya fundi wa mapipa. Mnara wa Dolder ulio mwisho wa barabara yake kuu ulijengwa mwaka 1291. Lakini Riquewihr mchana hufurika watu mno, nami huwaambia wageni wangu wafike kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na mchana wakapumzike Hunawihr au Bergheim ambako kuna nafasi ya kupumua. Hunawihr kuna kanisa lililozungushiwa ukuta wa ngome katikati ya mizabibu, ambalo Wakatoliki na Waprotestanti wamelitumia kwa zamu kwa karne nyingi. Kijijini hapo pia ndipo juhudi za kuwarudisha korongo weupe zilipofanyika. Mwaka 1974 walikuwa wamebaki jozi zisizofika kumi katika Alsace yote, na sasa viota vyao viko juu ya paa kila mahali. Septemba wengi huwa wameshaondoka kuja huku kwetu Afrika, lakini wachache hubaki.

Sasa nifike kwenye sababu ambayo, kwa maoni yangu, peke yake inatosha kuwaleta. Mjini Colmar, katika nyumba ya zamani ya watawa wa kike wa Kidominikani ambayo sasa ni makumbusho ya Unterlinden, kuna altare, yaani mbao kubwa za picha za madhabahuni, iliyochorwa na Matthias Grünewald kati ya 1512 na 1516. Haikuchorwa kwa ajili ya mji. Ilichorwa kwa ajili ya monasteri ya Waantoni, yaani watawa wa Mtakatifu Antoni, katika kijiji cha Isenheim, ambayo ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa kile kilichoitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Leo tunajua kwamba ugonjwa ule ulitokana na kuvu inayoota kwenye nafaka ya rai: maskini walikula mkate wa nafaka iliyoharibika, mishipa yao ikajibana, viungo vikaungua kama vimewekwa kwenye makaa, vikawa vyeusi na kukatika. Watawa waliwapa mkate safi, mafuta ya kupaka, na mvinyo uliotiwa mitishamba na kumwagwa kwanza juu ya masalia ya mtakatifu. Kisha waliwaleta mbele ya altare hii.

Simameni mbele yake bila haraka. Kristo aliye msalabani ana vidole vilivyokakamaa na kutawanyika kama miiba, na ngozi yake yote ina vidonda. Ukizunguka upande wa pili, kwenye mbao inayoonyesha majaribu ya Antoni, pembeni chini kushoto kuna kiumbe ameketi chini, tumbo limevimba, ngozi imejaa majipu, ameinua uso juu. Mgonjwa aliyeletwa pale alimwona mtu mwenye mwili kama wake. Nimewaleta hapa wageni wa kila imani na wasio na imani, na sijawahi kumwona aliyetoka akiongea kwa sauti. Makumbusho hufungwa Jumanne, kwa hiyo pangeni siku yenu vizuri.

Juu ya mizabibu ya Orschwiller, kwenye mlima wenye mita zaidi ya 700, kuna ngome ya Haut-Koenigsbourg, nayo inatuhusu sisi Watanzania kwa namna ambayo waongozaji wengi hawaijui. Alsace ilichukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, na mwaka 1899 mji wa Sélestat ulimpa magofu ya ngome hiyo Kaisari Wilhelm wa Pili, ambaye aliamuru ijengwe upya; kazi ilikamilika 1908. Ni Kaisari yule yule ambaye kwa jina lake babu zetu walitozwa kodi ya kichwa na kupigwa katika vita vya Majimaji, miaka ile ile ambayo mafundi walikuwa wanapandisha mawe ya ngome hii. Alsace ilirudi Ufaransa mwaka 1918, ikachukuliwa tena 1940, ikakombolewa kwa vita vikali majira ya baridi ya 1944 na 1945. Vijiji vya Bennwihr, Mittelwihr, Sigolsheim na Ammerschwihr viliteketea karibu vyote, na ndiyo maana mkivipitia mtaona nyumba za kawaida badala ya zile za mbao. Wageni wengi hupita bila kusimama. Ninyi simameni Sigolsheim, mpande ngazi hadi makaburi ya askari yaliyo juu ya kilima, mizabibu ikiwa imeyazunguka. Askari wengi waliolala pale walitoka Afrika Kaskazini, na makaburi ya Waislamu yana umbo lake. Kutoka hapo mtaona bonde lote, na siku ya hewa safi mtaona Msitu Mweusi ng'ambo ya Rhine alikosoma binti yenu.

Kaysersberg iko karibu na hapo kwa miguu. Ndiko alikozaliwa Albert Schweitzer mwaka 1875, mchungaji na daktari aliyefungua hospitali Lambaréné, Gabon, mwaka 1913 na kupewa tuzo ya Nobel ya amani ya mwaka 1952. Tunaweza kujadiliana sana kuhusu namna alivyowatazama Waafrika, na nadhani tunapaswa, lakini ni vyema mtu apaone alikozaliwa kabla ya mjadala huo.

Chakula kinahitaji uangalifu, na hapa siwafichi. Jiko la Alsace limejengwa juu ya nguruwe na mvinyo mweupe. *Choucroute* ni kabichi iliyochachushwa inayopambwa kwa soseji na nyama ya nguruwe, na mara nyingi hupikwa kwa Riesling. *Baeckeoffe* ni chungu cha nyama na viazi kilicholazwa kwenye mvinyo usiku kucha. Hata samaki huletwa na mchuzi wa mvinyo. Ile *tarte flambée*, mkate mwembamba mithili ya chapati unaopakwa krimu na vitunguu na kuchomwa kwenye moto mkali, huja na vipande vya nguruwe, lakini karibu kila mahali hutengenezwa pia bila nyama, kwa uyoga au jibini, ukisema mapema. Jifunzeni maneno mawili, *sans porc* na *sans alcool*, myaseme kabla ya kuagiza. Baada ya hapo kuna mengi ya kufurahia: jibini ya Munster pamoja na bizari nyembamba, keki ya *kougelhopf* (ulizeni kama zabibu zake kavu zimelowekwa kwenye pombe, maana wengine hufanya hivyo), na Septemba kuna pai za plamu za zambarau ambazo hata mimi nisiyependa vitu vitamu huzila kila siku.

Sasa kuhusu viza. Viza moja ya Schengen inawatosha kwa nchi zote mbili, lakini ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Mkikaa Freiburg siku nne na Alsace siku kumi, ombi lenu ni la Ufaransa, na mkikaa siku sawa, ni la nchi mtakayoingia kwanza. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku kumi na tano kabla yake. Msisubiri hizo kumi na tano. Ambatisheni barua ya chuo cha binti yenu na hati ya shamba la mzee, kwa sababu mtu mwenye mizabibu inayomsubiri ana sababu inayoeleweka ya kurudi nyumbani.

Kutoka Freiburg pandeni treni hadi Breisach, kisha basi linalovuka Rhine hadi Colmar; daraja la reli liliharibiwa vitani mwaka 1945 na halikujengwa tena, kwa hiyo msitafute treni ya moja kwa moja. Kaeni Colmar kama hamna gari, maana mabasi na treni zinaanzia hapo. Kama binti ataendesha, tafuteni chumba kwa mkulima wa mizabibu Ribeauvillé au Bergheim. Wengi wao hukodisha vyumba, na mazungumzo ya jioni uani yatampa mzee mengi kuliko ziara yoyote ya kulipia. Jumamosi ndiyo siku ambayo barabara na vijiji hujaa zaidi, hivyo sabato yenu itaangukia siku nzuri kabisa ya kutulia. Mkifika mapema, Jumapili ya kwanza ya Septemba Ribeauvillé huwa na sikukuu ya wapiga muziki, desturi ya tangu enzi za kati, lakini siku hiyo mvinyo humwagika bure kwenye chemchemi ya mji na umati huchangamka sana, nami sidhani kama mtaipenda. Paris iwekeni mwisho, siku mbili, kabla ya ndege. Treni ya kasi kutoka Colmar haichukui saa tatu.

La mwisho ni lile la mzee, na jibu langu ni hapana. Asiweke kijiti hata kimoja kwenye begi, hata mkulima rafiki akimpa kwa moyo mweupe. Kuingiza mimea hai Tanzania kunahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka, na sheria hiyo ina sababu inayoonekana kwa macho katika kila shamba la Alsace. Katika karne ya 19 mdudu mdogo wa mizizi aitwaye filoksera aliingia Ulaya pamoja na mizabibu iliyoletwa kutoka Marekani, akaangamiza mashamba nchi baada ya nchi, na dawa haikupatikana. Kilichookoa ni kuunganisha: mzabibu wa Ulaya juu, mzizi wa Marekani chini, kwa kuwa mzizi ule humvumilia mdudu. Mwombeni mwenyeji wenu awaonyeshe. Atachuchumaa kwenye shina la zamani, ataondoa magugu kwa mkono, na sentimita chache juu ya udongo mzee ataona pale ambapo shina limevimba kama fundo la kidole, na gome la juu ya fundo halifanani na gome la chini yake.